Kimlango Kinachokataa Asubuhi

Kasulu mjini kitu kikiachwa wazi hakikosi msemaji. Zipu ya mtu, mlango wa choo, sufuria la maharage, vyote vina watu wake wa kuvisemea. Basi fikiria Noah nzima nyeupe inaingia sokoni saa nne asubuhi, watu wamejaa, na ubavuni mwake kile kimlango kidogo kinachofunika mfuniko wa tangi la mafuta kiko wazi, kinapepea kama sikio la mbuzi.

"Dereva!" Adija alipaza sauti kutoka kwenye kibanda chake cha chapati. "Leo tena umekuja na sikio nje? Unasikiliza umbea wetu?"

Watu wakacheka. Winifrida naye akacheka huku akizima gari, maana sokoni asiyecheka huchekwa mara mbili. Lakini alikuwa anahesabu. Hii ilikuwa mara ya tano ndani ya wiki mbili. Kila mara, kabla ya kutoka Kibondo, alikuwa amekisukuma kimlango kile kwa kiganja, kwa ngumi, mpaka kwa nyonga, na kila mara kilimrudia. Siku moja alikibandika kwa selotepu. Adija alipoiona ile selotepu alisema: aa, kumbe ameweka na alama yake, ili ajue nani mwingine amefungua!

"Mie ningekuwa na gari," Adija aliendelea, akigeuza chapati bila kuitazama, "tangi ningelifunga kama sanduku la mahari. Dunia ina watu wabaya. Niangalie mimi, hata kufuli langu siku hizi linachezewa. Nikija alfajiri, ufunguo hauzunguki ng'o! Kuna mtu ananitilia kitu, na ninamjua."

"Nani?"

"Ninamjua," Adija alisema, na jicho lake likaenda lenyewe mpaka kibanda cha pili, kwa muuza maandazi.

Bi Asmahani akatoka dukani. Huyu ndiye mwenye Noah. Mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Ujiji kule ziwani, ndoa ndiyo iliyompandisha huku kwenye baridi. Mume akafariki, yeye akabaki na duka la mawese, dagaa na mchele, na baadaye akafungua la pili Kibondo. Aliponunua gari la kuunganisha maduka hayo mawili, soko zima lilimwambia asimpe mwanamke ufunguo, tena mwanamke ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi na mkeka kichwani. Yeye akajibu kwamba hata yeye Kasulu aliingia na mkeka, akampa Winifrida ufunguo. Ni mwaka wa tatu sasa. Kila asubuhi Winifrida hushuka kutoka Kibondo na maharage na asali, na mchana hurudi na mawese, dagaa na sabuni.

Bi Asmahani alilizunguka gari polepole. Akanyoosha kidole kimoja, kile chenye pete ya fedha, akakigusa kimlango.

Ta.

Kikafunga. Kikatulia kama mtoto aliyeona mgeni.

"Umeona?" alisema kwa sauti ya chini. Wanaomfahamu Bi Asmahani wanajua kwamba akipaza sauti hana neno. Akinong'ona ndipo ujihadhari.

"Nimeona, Mama. Lakini asubuhi..."

"Asubuhi, asubuhi. Mara zote tano nimekigusa kwa kidole hiki hiki, na mara zote kimefunga. Sasa nikuulize, Wini. Kimlango kinachofungwa kwa kidole kimoja, nani anakiacha wazi?"

Winifrida alikitazama kimlango. Ndiyo hasa ilikuwa shida yake: gari lilikuwa linamsuta mbele ya mwenyewe.

"Watu wanasema unauza mafuta njiani," Bi Asmahani aliendelea. "Mimi sijapima tangi, na sitaki kupima. Siku nitakayoanza kukupima nitakuwa nimeshakupoteza. Lakini nimechoka kupewa habari za gari langu na wakaanga chapati."

"Nasikia!" Adija alisema.

"Nimesema usikie." Kisha akamgeukia tena Winifrida na kumwonyesha msumari nyuma ya kaunta, pale ilipotundikwa kofia ya marehemu. "Likija neno jingine juu ya tangi hili, ufunguo utakaa pale."

Mchana ule ule Winifrida alimpelekea gari fundi Saady, jirani na soko. Saady ni fundi hodari na mdomo wake ni hodari zaidi. Alivuta kile kishikio kilicho chini ya kiti cha dereva, kimlango kikaruka wazi, akakisukuma, ta. Akavuta, akasukuma, ta. Mara kumi.

"Njoo uone, dada." Alimwonyesha ndani, pembeni mwa fremu, kijichuma kinachochungulia kwenye tundu lake, kama kidole kidogo cha mtoto. "Hiki ndicho komeo. Ukivuta kule kwenye kiti, kidole kinaingia ndani, kimlango kinafunguka. Ukiachia, springi inakisukuma kidole nje, kinakaa kusubiri. Ukifunga, kimlango kinakamatwa. Umeelewa? Na hiki ni kizima. Hakina hata kutu. Grisi ipo, vumbi lipo, kila kitu kipo. Gari halina ugonjwa. Mgonjwa ni dereva."

Alifuta mikono kwenye ovaroli, ikaacha mistari myekundu. Winifrida hakuijali. Kasulu kiangazi kila kitu huacha alama nyekundu: viatu, shuka, watoto.

Jioni, nyumbani Kibondo, alimsimulia Nestori, mumewe, mkulima wa muhogo na mtu wa maneno ya kuhesabika. Nestori alisikiliza mpaka mwisho, akamaliza ugali wake, akanawa.

"Kama mchana kinafunga na asubuhi kinakataa," alisema, "unakiuliza nini kimlango? Iulize asubuhi."

Winifrida alicheka. Lakini maneno hayo aliamka nayo.

*

Julai ya Kibondo haina mzaha. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umekalia mabati, na pale sheli Anania, muuza mafuta, alikuwa amevaa sweta mbili na juu yake skafu ya kwaya.

"Mwakeye, dereva!" alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Anania. Jaza. Halafu usiondoke, nataka uwe shahidi."

Akavuta kishikio. Kimlango kikafunguka. Anania akajaza tangi, akakaza mfuniko wa ndani, akasukuma kimlango. Kikarudi. Akasukuma tena kwa heshima kidogo. Kikarudi.

"Hiki kina jini," Anania alisema. "Hili gari si la mtu wa Ujiji? Basi ni jini la Ujiji."

"Jini la Ujiji linatafuta nini kwenye petroli?"

"Labda linaota moto. Huku limekuta baridi."

Winifrida alicheka, lakini safari hii hakugombana na kimlango. Aliwasha tochi ya simu, akainama, akachungulia pale alipoonyeshwa na Saady. Tundu lilikuwepo, lakini kidole hakikuwepo. Kilikuwa kimezama ndani kama kichwa cha kobe. Aliingiza ukucha, akajaribu kukivuta. Kilikuwa kizito, kinang'ang'ania, kama mtu anayeamshwa kabla ya saa yake. Ukucha ulitoka na utope mwekundu. Akaupangusa kwenye kitenge.

"Anania," aliita. "Mbona jana mchana kidole kilikuwa nje?"

"Mimi nauza mafuta, dada yangu. Vidole muulize daktari."

Njia nzima alikuwa akiwaza. Pembeni kimlango kinapiga, pa, pa, pa, na yeye anawaza. Alipita Busunzu jua likiwa bado limejifunika. Alipokaribia Makere lilikuwa limeshajitokeza kwa upande wa kushoto, upande wa tangi, linamwasha mpaka shavu. Ilikuwa saa mbili na nusu hivi. Akajiambia, ngoja kidogo. Akasimama kando ya barabara, akashuka.

Kidole kilikuwa nje.

Kimetoka chenyewe, kimekaa, kinamtazama. Winifrida akasukuma kimlango. Ta. Akakimbilia kwenye kiti, akavuta, kikafunguka, akarudi, akasukuma. Ta. Akafanya hivyo mara tatu, anakimbia huku na huku anacheka peke yake, mpaka akina mama waliobeba mihogo wakasimama kumwangalia. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo.

"Vipi dada, mafuta yamekwisha?"

"Yamejaa!"

"Unauza?"

"Nenda zako!" alisema kwa kicheko, akapanda gari. Alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi huwa haoni nani anamwona. Hakujua kidole kinaogopa nini, lakini alijua sasa kinaamka saa ngapi. Kila siku atasimama Makere, atafunga kimlango, ataingia Kasulu na gari lililofunga mdomo, na Adija atafute jingine la kusema.

Basi akaingia sokoni kwa madaha. Kimlango kimefungwa barabara, unaweza kukitandikia kitambaa ukanywea chai.

Adija hakusema kitu. Hapo ndipo Winifrida alipotakiwa kujua kwamba mambo yameharibika.

Bi Asmahani alikuwa mlangoni na simu mkononi. "Makere ulikuwa unafanya nini?"

"Makere?"

"Umesimama. Umeshuka. Umefungua tangi, umefunga, umefungua tena. Kuna mtu wa pikipiki ulikuwa unacheka naye." Alikuwa ananong'ona kabisa sasa. "Noah yangu ina mbio, Wini, lakini simu ina mbio zaidi."

"Mama, nisikilize. Nimegundua kitu. Kuna kidole kule ndani. Asubuhi kwenye baridi kinajificha, jua likitoka na chenyewe kinatoka. Nimekiona kwa macho yangu!"

"Chuma kinasikia baridi?"

Mtu fulani nyuma alicheka, kisha wa pili, kisha kibanda kizima. "Kinunulieni sweta!" mmoja alisema. Winifrida alisikia masikio yanawaka. Akaona wazi jinsi inavyosikika: mtu mzima, mama wa watoto wawili, anasema kijichuma kinaona haya ya baridi. Hata yeye angecheka.

"Nipe ufunguo," Bi Asmahani alisema.

Winifrida akaufungua kutoka kwenye kamba aliyoishona mwenyewe, akauweka kwenye kaunta. Bi Asmahani akautundika juu ya kofia ya marehemu. Alichukua muda kuutundika, kama vile msumari ulikuwa mbali.

"Kesho nitampa mdogo wake Saady," alisema. "Wewe utapanda basi la asubuhi. Leo umeshachelewa, utalala hapa kwangu."

Ndivyo alivyo. Kumwachisha mtu kazi ni jambo moja, kumnyima godoro ni jambo jingine, na la pili hakulijua. Usiku huo nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida yake: mabinti zake wawili, Yasmini na Firdausi, shangazi aliyekuja kutibiwa macho, jirani aliyefuata umeme wa kuchaji simu akasahau kuondoka. Winifrida alipewa wali kwa mawese, kipande kikubwa cha samaki, na mahali pazuri pa kulala. Hakuna aliyetaja gari. Samaki hakuwa na ladha.

*

Alfajiri aliamshwa na kishindo. Du! Du! Du!

Alitoka uani amejifunika kitenge. Yasmini, binti mkubwa, alikuwa ameshika mchi wa kinu kwa mikono miwili, anagonga komeo la mlango wa nyuma wa duka.

"Shikamoo dada Wini. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Unapigana na nani?"

"Na hili komeo. Kila siku hivi hivi. Ikifika saa tatu, nne, unalivuta kwa kidole. Lakini asubuhi hii, ng'o. Mama anasema mbao zimevimba kwa baridi."

Winifrida alikuwa anapiga miayo. Mwayo ukakatika katikati.

"Umesema ikifika saa nne linavutika kwa kidole?"

"Eeh."

"Tangu lini?"

Yasmini alifikiri, mchi begani kama mlinzi. "Tangu... baada ya Idd kubwa. Tangu babu Gharibu aondoke kurudi Ujiji."

Winifrida alisogea mpaka kwenye komeo, akalipapasa kwa upande wa chini, penye tundu. Palikuwa na utope mwekundu, mzito. Alikuwa na utope kama huo kwenye kitenge alichojifunika. Safari hii hakuupangusa. Aliuleta puani.

Hapo lazima niseme, harufu ile kila mtu wa Kigoma anaijua kabla hajajua jina lake mwenyewe. Tatizo ni kwamba ukiikuta jikoni unasema chakula, ukiikuta kwenye duka la muuza mawese unasema duka. Hakuna anayeinusa kwenye chuma.

Akageuka taratibu. Pale pembeni ya jiko la mkaa, Firdausi, binti mdogo, alikuwa amepanga chupa mbili za mawese karibu na moto. Mawese yalikuwa yameganda, mekundu mpaka shingoni, magumu kama mshumaa. Firdausi alikuwa anaizungusha chupa moja apate ya kukaangia maharage. Kila nyumba ya huku juu hufanya hivyo Julai, kila asubuhi, bila kufikiri.

"Mama!" Winifrida aliita. "Mama! Amka uje na ufunguo!"

"Ufunguo gani?" Bi Asmahani alitoka na kanga ya kuswalia, tasbihi mkononi.

"Wa gari. Sitaki kuliendesha. Nataka ulifungue wewe mwenyewe, mimi nitakaa mbali, mikono hii hapa."

Bi Asmahani aliitazama ile mikono. Kisha akaingia dukani kwa mlango wa mbele, akarudi na ufunguo. Noah ilikuwa imelala uani, vioo vimejaa umande. Alifungua, akainama, akavuta kishikio. Kimlango kikaruka.

"Sasa kifunge," Winifrida alisema kutoka ukutani. "Kwa kidole kile kile."

Kidole chenye pete kikanyooka, kikasukuma. Kimlango kikaenda, kikarudi. Bi Asmahani akakunja uso. Akasukuma tena. Kikarudi. Akatumia kiganja. Akatumia viganja viwili, tasbihi ikaanguka. Shangazi mwenye macho mabovu akasogea, akauliza kuna nini. Firdausi akamwambia kimlango kimemkatalia mama. Shangazi akasema, haiwezekani, nani amkatalie huyu?

Katikati ya hayo, mlango wa ua ukafunguliwa, akaingia Adija, amejifunga kanga mpaka puani.

"Hodi, hodi, mnisamehe, niazimeni nyundo. Kufuli langu limechezewa tena, leo nalivunja, halafu naenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamtaje mtu kwa..." Akaona watu wamezunguka gari. Adija hana uwezo wa kuona watu wamezunguka kitu akaendelea na safari yake. "Kuna nini?"

"Kaa hapo hapo," Winifrida alimwambia. "Hadithi hii uliianza wewe, usiukose mwisho wake."

Alichukua birika la chai jikoni, akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akakikamua, akampa Bi Asmahani. "Weka pale kwenye tundu. Kikande kama unavyomkanda mtoto."

Bi Asmahani akakanda. Hata jirani wa simu alikuwa ameamka na kusimama kwenye kizingiti. Wakasubiri. Kitambaa kikaanza kutoa mchuzi mwekundu, ukatiririka kidogo kwenye rangi nyeupe ya gari.

Kisha, mbele ya macho ya nyumba nzima, kidole kikatoka. Polepole, bila haraka, kama konokono baada ya mvua.

"Subhanallah," Bi Asmahani alisema. Akasukuma kwa kidole kimoja.

Ta.

"Mawese," Winifrida alisema. "Mama, kuna mtu amekipaka mawese. Jua likiwaka yanayeyuka, kidole kinatoka. Usiku yanaganda, nikivuta asubuhi kidole kinaingia na kubaki huko huko. Mimi nakuja nacho wazi kutoka Kibondo, nikifika hapa jua limeshakifungua, wewe unakigusa tu. Na komeo la duka ni hivyo hivyo. Linuse."

Bi Asmahani alilinusa komeo lake. Akanusa kitambaa. Kisha akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Asalaam alaykum, mjomba."

"Waalaykum salaam, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya mzee Gharibu kutoka Ujiji, kubwa na yenye furaha, sauti ya mtu aliyetengeneza baiskeli miaka arobaini na kuzungumza juu ya kelele zake zote. "Hamjambo huko? Watoto?"

"Hatujambo. Mjomba, ulipokuja Idd, kuna vitu ulivipaka mawese?"

"Ha! Mmeona eeh? Nilinyamaza nikasema watajionea wenyewe! Siku ile ninaondoka, mchana, nyie mnanifungia dagaa, mimi nikazunguka. Nyumba yako ilikuwa inalia kiu, mwanangu. Komeo linalia, cherehani inalia. Nikalipaka na gari, kale kamlango ka mafuta kalikuwa kanakwaruza. Nikapaka na kufuli la yule binti wa chapati, maana alinipa mbili za bure. Mgeni haondoki bila kuacha alama ya mkono."

Watu wote uani wakamgeukia Adija. Adija akatazama chini, akatafuta kitu mchangani.

"Mjomba," Bi Asmahani alisema, sauti inamtetemeka, na si kwa kilio. "Huko Ujiji mawese huwa yanaganda?"

"Yagande kwa nini? Kuna joto la kuoka mkate hapa! Miaka arobaini ninapaka baiskeli za watu, hayajaganda siku hata moja. Kwani vipi, yanafanya kazi?"

Bi Asmahani aliangalia gari, komeo, birika. Mabinti walikuwa wameziba midomo kwa kanga. Angeweza kumwambia. Lakini mtu aliyekulea, akakupakia nyumba nzima mawese kwa mapenzi, utamwambia nini?

"Yanafanya kazi, mjomba. Alama ya mkono wako bado ipo. Kila asubuhi tunaiona."

"Alhamdulillahi! Nikija tena nitamalizia madirisha."

Simu ilipokatika, ua mzima ulilipuka. Shangazi alicheka mpaka akasema macho yamepona.

Winifrida peke yake hakucheka sana. Alikuwa anauangalia ufunguo, uliokuwa bado kwenye mlango wa gari. Bi Asmahani akaona anapoangalia. Akauchomoa.

"Sitakupa hapa," alisema. Na alisema kwa sauti kubwa, ile isiyo na neno. "Nilikunyang'anya mbele ya watu."

Saa nne, soko limejaa, Bi Asmahani alitoka dukani na kusimama mbele ya kibanda cha chapati. Alimwita Winifrida kwa jina lake lote, akampa ufunguo kwa mikono miwili, kama unavyompa mkwe kikombe, na akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikisikiliza kidole changu, sikukusikiliza wewe." Winifrida alipokea kwa mikono miwili. Akaufunga kwenye kamba yake. Saady fundi aliitwa akasafisha lile komeo la gari kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akatia tone la mafuta ya cherehani, yale ya kununua, na akakiri mwenyewe kwamba alichoita grisi kilikuwa mboga.

Na Adija? Adija alfajiri ile alikuwa amerudi kibandani, akalifumbata kufuli lake kwa viganja pale pale mlangoni, kama kuku na yai, likapata joto, likafunguka bila nyundo. Kabla hajawasha jiko alikwenda kibanda cha pili akanunua maandazi sita, yeye muuza chapati, akayala yote amesimama, mbele ya mwenyewe, bila kueleza kwa nini. Baada ya hapo mdomo ukafunguka. Alimsimulia kila mteja, kila bodaboda, na mwenye simu alimwambia awapigie ndugu zake aweke sauti ya nje. Hadithi ile ya uongo ilichukua wiki mbili kufika Makere. Hii ya kweli, kwa kuwa sasa ilikuwa na jini, babu na mawese ndani yake, ilifika kabla ya adhuhuri.

Winifrida alipopita Makere kurudi Kibondo na mzigo wake, yule bodaboda alimpungia mkono. "Dada wa mawese! Kidole hakijambo?"

Asubuhi ya pili, Kibondo, ukungu ulikuwa mzito kuliko ule wa juzi. Anania alijaza tangi, akakaza mfuniko, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu anayesubiri baruti. Winifrida alinyoosha kidole kimoja.

Ta.

"Jini limetoka?" Anania aliuliza.

"Limerudi Ujiji."

"Litakuja tena lini?"

"Idd kubwa, mwakani."

Anania alijifunga vizuri skafu yake, akahesabu miezi kwenye vidole. "Mwakani hiyo inaangukia Mei mwishoni," alisema. "Baridi inakuwa ndiyo inaanza, dereva."

Winifrida alikuwa ameshaingia ndani ya gari. Alikaa kidogo na mkono kwenye ufunguo, akiyafikiria madirisha yote ya nyumba ile, kisha akawasha, akaingia barabarani, na ubavuni hakukuwa na kitu chochote kilichopiga.